Taa ya Buluu ya Kansanga

Chunusi zilinitoka nikiwa na miaka thelathini na minne, umri ambao mtu hazitegemei tena. Nilipokuwa msichana kwetu Busia, upande wa Kenya, uso wangu ulikuwa laini na dada zangu walinionea wivu. Basi zilipokuja zilikuja kwa mpigo, kwanza kidevuni, kisha zikapanda mashavuni hadi karibu na masikio. Hazikuwa vile vipele vidogo vya kutumbua na kusahau. Zilikuwa na mizizi. Nikilalia shavu la kushoto maumivu yalifika hadi kwenye jino.

Baba alikuwa amefariki miezi minne kabla ya hapo. Alipooza upande mmoja, nami nikaacha kazi yangu Kampala na kurudi nyumbani kumuuguza. Nilimlisha kwa kijiko, nikamgeuza kitandani, nikamwogesha. Miaka miwili ikapita hivyo. Alipokufa, watu walisubiri nilie, maana mimi ndiye niliyekuwa naye. Sikulia. Kaburini shangazi alinifinya mkono kwa siri ili machozi yatoke, na nilichofanya ni kumtazama kuona anataka nini. Matanga yalipokwisha nikarudi Kampala. Shule niliyokuwa nikifundisha Kiswahili, pale kilimani Old Kampala, ilikuwa bado haijapata mwalimu mwingine.

Sikuwa na huzuni. Watu walinipa pole nami nikazipokea, lakini ndani yangu pole hizo hazikukuta mtu wa kupewa. Nilikuwa naamka, navaa, nafundisha, narudi Kasubi kwenye chumba changu cha kupanga. Nikiulizwa nimekula nini mchana, ilibidi nifikiri.

Wanafunzi wangu wengi walizungumza Kiluganda nyumbani na Kiingereza shuleni. Kiswahili kwao kilikuwa somo kama hesabu. Asubuhi moja msichana wa darasa la tano alinyoosha mkono katikati ya kipindi.

"Mwarimu," akasema, "uso yako imefanya nini?"

Wenzake waliinamisha vichwa.

"Uso wako umefanya nini," nikamwambia. "Uso, u-, nyuso, zi-. Sema tena."

Akasema tena, vizuri kabisa. Nikampongeza, nikageukia ubao. Nilipokuwa nikiandika ndipo nilipogundua kwamba nimemsahihisha mtoto bila kumjibu, na kwamba hilo halikuniuma hata kidogo.

Siku ya wazazi ilipokaribia, mwalimu mkuu aliniita ofisini. Alikuwa mama mwenye adabu nyingi, na nilimwona akitafuta maneno. Aliniambia kwa Kiingereza kwamba wazazi ni watu wa kuangalia vitu vidogo, kwamba yeye mwenyewe hana neno, ila pengine siku hiyo ingefaa nikae chumba cha walimu nisahihishe insha, mwingine akae kwenye meza yangu. "Bambi, mwalimu, usikasirike," akamalizia, na hilo bambi la Kiluganda alilisema kwa sauti ya kuonea huruma kitu kilichovunjika. Nikamwambia sawa. Siku hiyo nilisahihisha insha zote na nikapanga kabati.

Mwenye nyumba wangu Kasubi alikuwa mjane wa mwanajeshi. Kiswahili chake alikipata kambini, miaka ile ya baada ya vita, kwa hiyo hata wema wake ulitoka kama amri. Aliniletea majani ya mshubiri yaliyokatwa, akasimama mlangoni.

"Kaa hapo! Paka! Yote!"

Nikapaka. Sikuona nafuu. Mwalimu mwenzangu akanipa krimu aliyoinunua mjini, isiyo na maandishi ya kueleweka kwenye kopo. Hiyo ilinipausha kwa wiki moja, kisha chunusi zikarudi kwa ghadhabu. Baadaye nikaingia duka la dawa karibu na kituo cha teksi, nikamwonyesha muuzaji uso wangu bila kusema neno, naye akanipa vidonge vya rangi mbili, kimoja asubuhi na kimoja jioni. Nikaanza kuvimeza. Ni mwalimu huyohuyo wa krimu aliyeniambia, labda kwa kuona aibu, kwamba Kansanga kuna daktari wa ngozi anayetibu chunusi kwa mwanga.

Kliniki ilikuwa ghorofa ya kwanza, juu ya duka la mabati na rangi, kwenye barabara ya Ggaba. Ng'ambo palikuwa na baa ambayo kila alasiri ilijaribu spika zake kwa wimbo uleule mmoja. Daktari alikuwa mwanamume wa makamo, mpole, mwenye kusema polepole. Alinieleza kwamba kuna aina ya mwanga wa buluu unaoua vijidudu vinavyokaa ndani ya vinyweleo, na mwekundu unaotuliza uvimbe. Alisema hautibu kila mtu, na anayepona hawezi kuahidiwa kwamba hazitarudi. Ningekuja mara mbili kwa wiki, dakika ishirini kila mara, kwa muda wa wiki sita au zaidi. Akanipiga picha za uso, mbele na pembeni, akanipeleka kwa muuguzi.

Muuguzi alikuwa mama wa Kikongo, wa kutoka Bukavu, wa miaka hamsini hivi. Mikono yake ilikuwa mikubwa na yenye joto. Aliposikia mimi ni Mkenya alikiacha Kiingereza alichokuwa akikisukuma kwa shida, akahamia Kiswahili cha kwao.

"Yaya, kuko dawa unakunywa?" akaniuliza, kalamu mkononi; yaya kwao ni dada. "Ya malaria, ya tumbo, ya ngozi, ya nini nini?"

"Hapana."

"Hata moja?"

"Hata moja."

Akaandika. Vile vidonge vilikuwa kwenye mkoba wangu, miguuni pake. Nimejiuliza mara nyingi kwa nini nilisema hapana. Sikuwa na cha kuficha. Ni kwamba ndiyo ingezaa swali lingine, na swali hilo jingine, na mimi nilitaka tu kulala kwenye kile kitanda chembamba na kuachwa.

Alinivisha miwani myeusi ya kukinga macho, akashusha taa. Hata kupitia miwani, buluu iliingia. Haikuwa na joto la jua wala harufu. Nililala chini yake nikaona raha, au kitu kilichokaa mahali pa raha, kwa sababu kwa dakika ishirini hakuna aliyenitarajia niwe na uso wa aina yoyote.

Mama yule alizungumza wakati wote. Kule Bukavu alikuwa mkunga. Alinisimulia juu ya mwanamke aliyejifungulia kwenye mtumbwi ziwani huku mume akiendelea kupiga kasia kwa sababu aliambiwa asigeuke. Alinisimulia juu ya mapacha waliopishana siku nzima, kila mmoja akawa na siku yake ya kuzaliwa, na babu yao akakataa kuwaita mapacha. Alikimbia vita na binti zake wawili, na vyeti vyake vya ukunga vilibaki huko. Kwa hiyo Kampala hakuruhusiwa kuzalisha. Alifundishwa kuendesha mashine ya taa, akaishika kazi hiyo.

"Weye hausemake kitu, yaya," akaniambia siku ya tatu.

"Nasikiliza, mama."

"Basi ni vizuri. Msikilizaji naye ni mutu."

Baada ya siku ya nne uso wangu uliungua. Jioni ulianza kuwasha, na asubuhi nilipojitazama ulikuwa mwekundu, umevimba, ngozi ya mashavu imeng'aa na kukaza. Mwenye nyumba aliponiona alitupa ufagio chini.

"Nani alikumwagia maji ya moto? Sema jina!"

Ilikuwa Jumamosi. Nilikwenda Kansanga mapema na kumkuta daktari ndiyo kwanza anafungua. Aliutazama uso wangu kwa muda, akaniuliza nilichopaka, nilichokula, kama nilikaa juani. Kisha akaniuliza kama kuna dawa ninayomeza. Nikafungua mkoba nikampa vile vidonge. Alisoma karatasi ya nyuma, akafumba macho kidogo. Akanieleza kwamba dawa ile huifanya ngozi ishindwe kuvumilia mwanga, hata wa jua la kawaida, na kwamba mtu anayeitumia hawekwi kabisa chini ya taa.

Akamwita muuguzi, ambaye alikuwa ameingia na bado hajavua koti lake.

"Ulimuuliza huyu kuhusu dawa?"

"Niliuliza, daktari. Nilimuuliza yeye mwenyewe. Niliandika."

Daktari akafungua faili. Mahali pa dawa paliandikwa hapana. Akanigeukia.

"Alikuuliza?"

Nilisikia chini mtu akikata bati. Mama yule alinitazama, si kwa kunisihi, ila kama anayengoja mwenzake aseme jambo ambalo wote wawili wanalijua. Neno ndiyo lilikuwepo, ningeweza kulisema. Lakini lilionekana zito na la mbali.

"Sikumbuki," nikasema.

Daktari hakupaza sauti. Alimwambia asiguse mashine mpaka atakapoamua, aende nyumbani. Mama akachukua mkoba wake. Akapita karibu nami, akatoka. Nikapewa krimu ya kutuliza, nikaambiwa niache vidonge na nikae kivulini.

Nikarudi Kasubi. Mchana ule nilifua, nikapika, nikalala usingizi mzuri. Nikiyakumbuka haya yote leo, ni ule usingizi mzuri unaonitisha zaidi ya neno nililolisema.

Kwa wiki mbili uso ulibabuka. Nilijifunga mtandio hadi mashavuni, na kwa kuwa shule yetu haikuwa mbali na msikiti mkubwa, watoto walieneza habari kwamba mwalimu amesilimu. Sikukanusha. Nilikuwa siwazi juu ya mama yule wala taa yake.

Halafu tukafika kwenye somo la kukanusha. Niliandika vitenzi ubaoni: nasoma, sisomi, nalala, silali. Kisha nikawaambia wataje vya kwao. Kila aliyetaja, darasa zima lilirudia mara tatu kwa sauti, ndivyo nilivyowazoesha. Mvulana mmoja wa dawati la nyuma akasema, "Nakumbuka."

"Kanusheni," nikasema.

"Sikumbuki!" darasa likaitika. "Sikumbuki! Sikumbuki!"

Watoto hamsini na zaidi, l na r zao, walizozoea kuzichanganya, zote zikiwa mahali pake kwa sababu neno lenyewe halina hata moja. Walilisema wakitabasamu, maana lilikuwa jepesi kwao. Nilisimama na chaki mkononi. Sikuona uchungu, ila nilikaa kwenye kiti, jambo ambalo sifanyi katikati ya kipindi. Nikawapa kazi ya kuandika. Kengele ya mwisho ilipolia sikwenda kituo cha Kasubi. Nilipanda bodaboda hadi Kansanga.

Kwenye kiti cha muuguzi palikuwa na mwanamke mwingine. Daktari alikuwa na mgonjwa, nikangoja. Nilipoingia nilimwambia nikiwa nimesimama.

"Aliniuliza. Mara mbili. Nilisema sinywi dawa yoyote, na dawa zilikuwa kwenye mkoba."

Akavua miwani. "Kwa nini hukusema siku ile?"

"Sijui, daktari."

Halikumridhisha. Sikumlaumu. Mimi pia ningependa jibu bora kuliko hilo. Akasema kwamba mwanamke yule ni mkimbizi, kwamba kazi ile ndiyo pekee inayofanana na taaluma yake, na kwamba alikuwa karibu kumwajiri huyu mwingine moja kwa moja. Akampigia mama yule simu mbele yangu. Alimweleza kwa kifupi, akamwambia arudi Jumatatu, na yeye mwenyewe akamwomba radhi. Kisha, bila kuniuliza, akanipa simu.

"Ni mimi, mama," nikasema.

"Minajua."

"Nimemwambia ukweli."

"Ameniambia."

"Nisamehe."

Nilisikia maji yakimiminwa upande wake, ndoo ikiburutwa.

"Hizi wiki mbili nafua nguo za batu," akasema. "Mikono yangu imepasuka. Hii mikono ilipokea watoto, yaya." Kisha akauliza, "Uso inaendelea aje?"

"Inapona," nikajibu. Wala sikumsahihisha, wala sikujisahihisha.

Daktari alitaka ipite miezi miwili kabla ya kujaribu tena. Niliporudi, mama aliniuliza habari ya dawa kama mara ya kwanza, dawa moja moja, na safari hii alinipa kalamu nitie sahihi mwenyewe. Tulifanya hivyo kila nilipokuja. Hakunikemea. Alinivisha miwani, akashusha taa, akakaa kwenye kiti chake cha pembeni. Ila hakunisimulia tena kitu. Nilisikia pumzi yake, nikasikia spika za baa, nikasikia kiti kikilia alipojigeuza. Dakika ishirini zikawa ndefu. Nilijikuta nikimngoja yule mwanamke wa mtumbwini, nikitaka kujua kama mume aligeuka mwishowe. Sikuthubutu kuuliza. Kwa miezi mingi sikuwa nimetaka kitu, na sasa nilikitaka hicho kisa, na nisingekipata kwa kosa langu.

Hivyo tulikwenda hadi alasiri moja umeme ulipokatika katikati. Buluu ikazima, chumba kikawa kijivu. Jenereta la jengo lilikuwa bovu. Mama alininyanyulia miwani.

"Tungoje kidogo. Itarudi."

Nilibaki nimelala. Mvua ilikuwa imeanza kupiga mabati chini. Sijui kwa nini nilianza kusema wakati huo. Nilimwambia kwamba nilimuuguza baba. Nilimweleza jinsi alivyopenda uji usiwe na sukari, jinsi alivyotazama ukutani nilipomwogesha ili sote tusione haya. Nilisema kwa sauti kavu, kama ninayesoma orodha ya mahudhurio. Aliponisikia nimemaliza akauliza:

"Mugongo wake ilitoka vidonda?"

"Hapana."

"Hata kimoja? Miaka mbili?"

"Nilimgeuza kila baada ya saa mbili. Usiku niliweka saa iniamshe."

Akatikisa kichwa taratibu. Hakunipa pole.

"Basi ulifanya kazi," akasema. "Nimeona mahospitali, banashindwa kufanya hivyo. Ulifanya kazi muzuri."

Wengi walikuwa wameniambia kwamba baba sasa anapumzika, kwamba Mungu ameona, kwamba nitabarikiwa. Hakuna aliyekuwa ameniuliza habari za mgongo wake. Nilitazama dari. Kulikuwa na doa la maji lililoanza kuenea pembeni mwa taa, na nililitazama mpaka umeme ukarudi.

"Lala vizuri," mama akaniambia, akashusha taa. "Kuko dakika kumi na moja."

Wiki zilipokwisha daktari aliweka picha zangu za kwanza kando ya za mwisho. Kwa kweli kulikuwa na tofauti. Uvimbe ulikuwa umeshuka, chunusi mpya zilikuwa chache, na wekundu umefifia. Lakini taya la kushoto lilibaki na mashimo madogo ambayo mwanga hauwezi kuyajaza, na kila mwezi, siku zangu zikikaribia, mbili tatu bado hutoka kidevuni. Daktari alisema hayo ni matokeo mazuri. Nilimwamini.

Mama wa Bukavu alinisindikiza hadi ngazini. Hatukuwa marafiki, na hatukuwa baadaye. Sikukuu hunitumia ujumbe mfupi wa heri, nami humjibu. Nasikia mmoja wa binti zake anasomea uuguzi sasa, na mama mwenyewe bado yuko kwenye mashine ileile. Nilipomuaga siku ile nilitaka kumwomba radhi tena, akanikatisha kwa kuniambia niangalie ngazi ya tatu, imevunjika.

Siku ya wazazi iliyofuata nilikaa kwenye meza yangu. Mwalimu mkuu aliniletea soda kwa mkono wake mwenyewe, nikamshukuru. Wazazi waliniuliza kama Kiswahili kitawasaidia watoto wao kupata kazi. Nikawajibu kama kawaida.

Nimewahi kuulizwa ile ganzi ya moyo iliondoka lini. Siwezi kutaja siku. Ninachokumbuka ni muhula wa pili wa mwaka ule, mwanafunzi mmoja alipochana kitabu cha mwenzake kwa makusudi, kurasa sita, huku akicheka. Nilifungua mdomo kumkaripia na sauti ikatoka kubwa, ikitetemeka, hata mimi ikanishtua. Moyo ulikuwa ukinienda mbio. Ilinibidi nitoke nje. Nilisimama barazani, mikono imeshika ukuta, natazama mapaa ya maduka ya zamani yanavyoteremka kilima, nikiwa na hasira ya kweli juu ya kurasa sita za kitabu cha shule. Nilikaa pale mpaka pumzi ikatulia. Kisha nikarudi ndani, nikatafuta gundi.